Magoti ya Mwenyekiti

Bibi Sindano hakutaka roho ya mtu. Hakutaka mali yake wala cheo chake, na hakumwombea maradhi. Alitaka kitu kimoja tu: kumwona Mwenyekiti wa Halmashauri amepiga magoti kwenye sakafu ya maktaba, suruali yake ya pasi imeshika vumbi, na watu wanaangalia. Baada ya hapo, alisema, Mungu akimchukua hata kesho yake hatanung'unika.

Na Mwenyekiti mwenyewe hakuwa mtu baki. Alikuwa mtoto wa dada yake, dada wa tumbo moja.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya posta. Upande mmoja madirisha, upande wa pili rafu kutoka sakafuni hadi darini, na katikati meza ndefu zilizong'arishwa na viwiko vya watu. Bibi Sindano alikuwa na kiti chake karibu na dirisha la mwisho. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, na macho yalipoanza kugombana na cherehani alihamia kwenye vitabu. Alikaa pale na shazia yake, ile sindano nene ya kushonea magunia, uzi uliopakwa nta na kopo la gundi, akashona migongo ya vitabu vilivyolegea. Hakulipwa, na hakuomba kulipwa. Kusoma alijifunzia mle mle, akiwa tayari ana wajukuu, na aliyemfundisha ni Mkutubi. Mzee yule hakumcheka hata siku moja. Siku aliyomaliza ukurasa mzima peke yake, Mkutubi alisingizia mafua, akatoa leso, akageukia ukutani. Bibi Sindano aliiona leso ile na hakuisahau.

Mkutubi alikuwa mtu mwema, ila magoti yake yalikuwa yamekwisha mapema, kabla ya umri wake. Kila alipoinama kwenye rafu ya chini, yalilia kama bawaba za mlango mkongwe, na chumba kizima kilisikia. Siku moja, miaka mingi nyuma, dereva wa lori ambaye sasa ni mstaafu, na ambaye kila alipokuwa mjini alikuja kusoma habari za nchi alizozipita bila kuziona, alisikia ule mlio akaguna. Akachukua kitabu chake mwenyewe, akakirudisha mwenyewe mahali pake. Kesho yake fundi baiskeli akafanya vilevile. Basi Bibi Sindano akaigeuza ikawa sheria.

"Hapa kitabu hakilali mezani," aliwaambia wote, wakubwa kwa wadogo. "Umekitoa, kirudishe. Magoti ya mzee hayana spea."

Watoto waliijua sheria hiyo kabla hawajaijua abjadi. Mgeni akiacha kitabu mezani alipigiwa miluzi mpaka arudi. Jioni, wakati wa kufunga, meza zile zilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa.

Na mtoto aliyeishika sheria hiyo kuliko wote alikuwa Kidole. Mama yake alipolazwa hospitali muda mrefu, aliachwa kwa Bibi Sindano, na Bibi Sindano, mwenye nguo za watu za kumaliza, alimpeleka maktaba ili asichezee mkasi. Aliitwa Kidole kwa sababu alisoma akifuatisha mstari kwa kidole, polepole, kama mtu anayemshika mkono kipofu. Alikuwa wa mwisho kutoka. Alirudisha vitabu vyake na vya waliosahau, akitambaa kwenye rafu za chini ili Mkutubi asiiname. Suruali zake zilitoboka magotini kila mara, na mama yake mdogo alizishonea viraka maradufu bila kumgombeza. Angemgombezaje? Alijua zimetobolewa na nini.

Kidole huyo ndiye aliyekua, akasoma, akagombea, akawa Mwenyekiti.

*

Habari zilitolewa kwenye mkutano wa hadhara, ukumbi umejaa. Mwenyekiti alisimama, akakohoa kidogo, akasema fedha za Halmashauri ni chache na mahitaji ni mengi. Maktaba, alisema, haina wasomaji. Karani alipita kila jioni kuhesabu vitabu vilivyotumika, yaani vile vilivyoachwa mezani, na jioni baada ya jioni hakukuta kitu.

"Ndugu zangu, pale tunalisha mchwa," alisema. "Chumba kile apewe muuza samani, tupate kodi."

Bibi Sindano alikaa safu ya mbele. Alimtazama mtoto wa dada yake usoni. Mtoto wa dada yake alitazama feni ya darini.

Dereva mstaafu akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, wasomaji tupo! Mimi hapa ni nani, kivuli?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Mzee wangu, sisi tunakwenda kwa hesabu. Lakini nisionekane mbaya. Kabla Halmashauri haijapitisha uamuzi, Karani atahesabu tena mwezi mzima, kila jioni. Tena naagiza, mlango usifungwe mpaka kila kilicho mezani kihesabiwe na kila kitabu kirudi mahali pake, asije mtu akasema tumepika hesabu. Kama wasomaji wapo, tutawaona. Na mzee wetu Mkutubi aende likizo mwezi huo." Hapo akatua, kama watu wanavyotua kabla ya utani. "Akapumzishe magoti."

Ukumbi ukacheka. Hata waliompenda Mkutubi walicheka, kwa kuwa kicheko cha ukumbi ni kama miayo. Mkutubi naye alicheka, akayapapasa magoti yake kama anayaombea radhi.

Bibi Sindano hakucheka. Alitoka akamngojea mpwa wake kwenye gari.

"Kidole."

"Mama mdogo, shikamoo. Hapa niite Mwenyekiti, watu wanasikia."

"Meza ni tupu kwa nini?"

"Si umesikia hesabu?"

"Hesabu nimeisikia. Nakuuliza wewe. Meza za maktaba ni tupu kwa nini?"

Mwenyekiti akachezea funguo za gari. "Mama mdogo, dunia imebadilika. Watu wana simu. Nitakununulia na wewe, ile kubwa, yenye maandishi makubwa."

"Angesema mwingine ningejua hajui," alisema Bibi Sindano. "Wewe unajua. Viraka vya magotini nilikushonea mimi."

Kioo cha gari kikapanda taratibu kati yao. Bibi Sindano aliiona sura yake mwenyewe ndani ya kioo, amefunga mdomo kama ameuma pini, na hapo ndipo kisasi kilipoingia. Hakikuingia kwa kelele. Kilivuta kiti kikakaa.

*

Aliwaita wasomaji nyumbani kwake: dereva mstaafu, fundi baiskeli, na mama mmoja wa mapacha aliyekuja maktaba kwa sababu ndipo mahali pekee mapacha wale walipokaa kimya.

"Kuanzia kesho," alisema, "hakuna kurudisha kitabu. Mnatoa, mnasoma, mnaacha mezani. Mnatoa kingine."

Wakatazamana. Fundi baiskeli, ambaye alinawa mikono mara mbili kabla ya kugusa ukurasa, aliuliza, "Na kusoma ni lazima, Bibi? Si tunaweza kuvitoa tu tukavitandaza?"

"Lazima! Hatudanganyi. Mwongo ni yeye. Soma hata ukurasa mmoja, lakini usome."

"Na Karani akishahesabu, nani atavirudisha?"

Bibi Sindano akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mkutano. "Atakayevirudisha atapiga magoti. Nataka magoti hayo yawe ya Mwenyekiti. Mengine niachieni."

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Dereva mstaafu aliacha kitabu chake mezani, akafika mlangoni, akasimama, akarudi akakiweka kwenye rafu. "Nimeshindwa," alisema. "Nimejiona kama nimeacha mtoto barabarani." Fundi baiskeli aliacha chake, ila alikifunika na gazeti kwa haya, na Karani hakukiona. Wale mapacha, waliolelewa na sheria ya Bibi Sindano, walirudisha vyao na vya jirani zao, wakamjia mbio wasifiwe.

Na Mkutubi ndiye aliyeharibu kabisa. Likizo aliipokea, lakini kukaa nyumbani hakukuweza. Alikuja kama msomaji wa kawaida, akaona kitabu kimelala mezani, akakichukua. Akaona kingine. Karani alipofika jioni, meza zilikuwa karibu tupu kama zamani.

"Mzee, unanivunja mguu!" Bibi Sindano alimfokea.

"Sindano, dada yangu, usigombane na mtu kwa ajili yangu. Yule ni mtoto."

"Mtoto mwenye kitambi!"

"Nilimfundisha mimi. Anajua kosa lake, litamrudisha."

"Akirudi, akute meza zimejaa."

Kesho yake Bibi Sindano alikuja na dawa. Alimkalisha Mkutubi kwenye kiti chake, kile chenye mto aliomshonea yeye kwa vipande vya mashuka, akampakatisha kitabu kilichopakwa gundi mgongoni. "Kishike hivyo hivyo. Gundi ikikauka utainuka." Kilipokaribia kukauka alimpa kingine. Mkutubi alikaa siku nzima amekumbatia vitabu kama kuku anayeatamia, akitazama meza zinavyojaa na kuugua kila kitabu kilipotelekezwa.

Waliobaki aliwafundisha utovu wa adabu kwa nguvu. Alisogeza kiti chake karibu na rafu, shazia mkononi. "Atakayerudisha," alitangaza, "shazia hii haina haya, na makalio ya mtu haiyajui."

Mambo yakaenda. Watu wakazoea. Dereva mstaafu akawa anaacha vitabu kwa mbwembwe, kama mtu anayerusha chenji kaunta. Habari zilisambaa, na watu waliokuwa hawajatia mguu mle tangu shule walikuja kuona hicho kisasi cha bibi, wakafungua kitabu ili wasichomwe, wakajikuta wamebaki. Muuza matunda wa nje alisoma habari za mapapai mpaka matunda yake yakaliwa na mbuzi. Kila jioni Karani, mwanamke kijana mpole wa maneno machache, alihesabu, akaandika, akahesabu tena. Bibi Sindano alikwenda kulala na tabasamu. Alikuwa akilitafuna lile neno "magoti" gizani kama tunda la kungu, akilifurahia.

*

Jioni moja alisahau miwani yake. Alirudi kuichukua wakati maktaba imebaki na mtu mmoja, na kabla hajasukuma mlango alichungulia dirishani.

Karani alikuwa chini, kwenye rafu ya chini kabisa. Amepiga magoti, mkono mmoja umeshika kitabu, mwingine umeshika kiuno. Alipogeuka upande, Bibi Sindano aliona tumbo. Lilikuwa tumbo la mimba iliyokomaa, ambalo gauni pana lilikuwa limelificha mezani, na ambalo yeye, fundi wa kupima viuno vya watu maisha yake yote, hakuliona kwa sababu macho yake yalikuwa yakimtazama mtu mwingine.

Alihisi kama amejichoma kwa sindano yake mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe. Sasa ulikuwa umempata mtu asiyehusika kabisa.

Aliingia. "Inuka, mwanangu. Inuka polepole, nishike."

"Siwezi, Bibi. Mlango haufungwi mpaka vyote virudi. Mwenyekiti ameagiza."

"Kila siku unavirudisha peke yako?"

"Nani mwingine?" Karani alisema, bila lawama, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Ila nisikudanganye, Bibi, nafurahi. Kuhesabu meza tupu kulikuwa kunanichosha zaidi."

Bibi Sindano alimkalisha kwenye kiti cha Mkutubi, akamwinulia miguu juu ya stuli. Akaenda kumwita dereva mstaafu na fundi baiskeli, na mama wa mapacha akaja na mapacha wake, wakarudisha vitabu vyote. Fundi baiskeli alimletea Karani maji ya kunywa kwenye kikombe chake mwenyewe, alichokisugua mpaka kikang'aa. Toka siku hiyo Karani alihesabu tu, na kurudisha wakarudisha wao.

Lakini kama mtu alidhani kisasi kimekufa hapo, hakumjua Bibi Sindano. Wakati anamsindikiza Karani mlangoni, alimuuliza, kama anaulizia hali ya hewa, "Muuza samani anakuja lini kupima chumba?"

"Ijumaa jioni. Na Mwenyekiti mwenyewe."

"Aliagiza vitabu virudi. Aliagiza nani avirudishe?"

Karani akafikiri. "Hapana. Hakutaja mtu."

"Basi Ijumaa wewe usiguse kitu, mwanangu. Na sisi tutakuwa tumechoka."

*

Ijumaa maktaba haikuwa na mahali pa kuweka hata kiwiko. Meza zilijaa, viti vikajaa, vizingiti vya madirisha vikajaa. Watu walisoma wamesimama, wakasoma wamekaa ngazini, na kila aliyemaliza aliweka kitabu chake juu ya kingine. Muuza samani alifika na utepe wake wa kupimia, akauvuta, akatafuta sakafu ya kuulaza, hakuiona. Akaurudisha mfukoni akasimama kando, anasoma juu ya bega la mtu.

Mwenyekiti aliingia wakati wa kufunga, suti ya kijivu, viatu vinavyoakisi taa. Alisimama mlangoni.

"Nini hiki?"

"Wasomaji, Mheshimiwa," alisema dereva mstaafu. "Ulisema utawaona. Karibu."

Mwenyekiti alimgeukia Karani. "Umeshahesabu?"

"Nimehesabu, Mheshimiwa."

"Basi funga, twende."

"Siwezi kufunga. Kila kitabu mahali pake, ndivyo ulivyoagiza. Mkutanoni."

Mwenyekiti aliwaita matarishi wake wawili. Walikuja wakabeba vitabu kwa mafungu kama matofali, wakavichomeka popote palipo na nafasi. Dereva mstaafu aliwafuata nyuma. "Jamani, kuku wamefika mahakamani!" alipiga kelele, na kweli, kitabu cha ufugaji wa kuku kilikuwa kimesimama katikati ya vitabu vya sheria. Watu walicheka. Karani alikitoa akakirudisha mezani.

"Mwiteni Mkutubi," alisema Mwenyekiti.

"Yupo pale," alisema Bibi Sindano, akimwonyesha mzee aliyepakata kitabu cha gundi. "Ila yuko likizo. Anapumzisha magoti."

Safari hii aliyebaki bila kucheka alikuwa Mwenyekiti. Alitazama matarishi, wakatazama viatu vyao. Alimtazama Karani, na Karani akaweka mkono juu ya tumbo lake. Chumba kizima kilijua, na yeye alijua, kwamba ukimwacha Mkutubi, Karani na wasomaji waliojidai wamechoka, palibaki mtu mmoja tu mle ndani aliyezoea kurudisha vitabu vya rafu zote, tangu akiwa mdogo kuliko meza.

Alivua koti. Alianza na rafu za juu, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza dawa chungu. Kisha za katikati. Kisha akafika za chini. Alijaribu kuinama, kitambi kikakataa. Alijaribu kuchuchumaa, viatu vikateleza. Mwisho alishika ubao wa rafu, akapiga magoti.

Yakalia. Kumbe na yake yalikuwa yameanza: mlio uleule wa bawaba, chumba kizima kikasikia.

Bibi Sindano alivuta kiti chake mpaka karibu kabisa, akakaa, akakunja mikono mapajani kama mtu aliyekata tiketi. Aliutazama mgongo wa shati unavyolowa. Aliyatazama magoti yanavyosaga simenti. Ilikuwa tamu. Asikudanganye mtu kwamba haikuwa tamu.

Kisha akaona kidole. Mwenyekiti alikuwa anatafuta mahali pa kitabu, na bila kujijua alikuwa anapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, polepole, kimoja baada ya kingine, vilevile kama zamani. Moyo wa Bibi Sindano ukataka kulegea. Akaukaza kama uzi.

"Mama mdogo," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Inatosha."

"Haijatosha. Meza zilikuwa tupu kwa nini?"

"Si unajua."

"Mimi najua. Sema wewe. Na useme kwa sauti, walioko ngazini hawasikii."

Mwenyekiti alisukuma kitabu kwenye rafu. Mtu alikohoa. Muuza samani alisogea apate kuona.

"Zilikuwa tupu," alisema Mwenyekiti, "kwa sababu watu walikuwa wanarudisha vitabu wenyewe."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya magoti ya Mkutubi."

"Na wewe, uliposimama pale ukasema hakuna wasomaji, ulikuwa unajua?"

Hapo aligeuzageuza kitabu cha watoto mkononi. "Nilikuwa najua," alisema.

Hakuna aliyecheka. Muuza samani aliagana na Karani kwa heshima, akamwambia Mwenyekiti kwamba yeye atatafuta chumba kingine, penye watu wachache zaidi, akatoka.

Mkutubi alikuwa amekwisha inuka, na gundi yake haijakauka. Alitembea mpaka kwenye rafu ya chini, akashika bega la Mwenyekiti, akajishusha pale sakafuni kwa mlio wake wote.

"Mzee, kaa kwenye kiti chako!" alifoka Bibi Sindano. "Unaniharibia!"

"Pisha kidogo, Kidole," Mkutubi alisema, kana kwamba hakusikia. "Vya watoto siku hizi vinaanzia kona ile. Nilivihamisha wasigombane na jua."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Mkutubi akatoa leso yake, akampa, akageukia ukutani.

Bibi Sindano aliiona leso ile. Alitazama pembeni, akajifanya anatunga uzi.

*

Halmashauri ilipokaa, Mwenyekiti ilimbidi asome hesabu ya Karani kwa mdomo wake, na aeleze kwa nini ya kwanza haikuwa ya haki. Madiwani walinong'ona, mmoja akacheka, lakini maktaba haikufungwa. Mkutubi alirudishwa kazini. Karani alijifungua mtoto wa kike na kumleta maktaba amevikwa kofia ya vipande vya mashuka, unajua aliyeishona ni nani. Ila fungu la vitabu vipya lilikatwa lote. Mwenyekiti alisema alilipigania akashindwa.

"Kupigania ni kazi ya asubuhi moja?" Bibi Sindano alimwambia. "Mpaka fungu lirudi, Jumamosi ni zako. Utatukuta mezani."

Akaja. Jumamosi ya kwanza alikuja kwa hasira, ya pili kwa aibu. Zilizofuata alikuja tu. Wasomaji walirudia adabu yao siku zote za wiki, lakini Jumamosi kila mmoja aliacha kitabu kimoja mezani, cha rafu ya chini.

Siku moja alifika mapema, na mfuko mkononi. Ndani ilikuwamo ile suruali ya kijivu. Magotini ilikuwa imekwisha, unaona mwanga upande wa pili.

"Mama mdogo, nisaidie. Jumatatu nina mkutano wa bajeti, na suti ni hii."

Bibi Sindano aliipokea, akaipapasa pale palipotoboka. Akamwambia asubiri. Alishona viraka maradufu, mishono midogo sawasawa, imara kuliko kitambaa chenyewe, kama alivyoshona siku zile. Kisha akampa.

Viraka vilikuwa vyekundu. Wekundu wa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mama mdogo!" Mwenyekiti aliishika suruali mbali na mwili wake. "Nitaingiaje kwenye bajeti na hivi?"

"Utaingia kwa miguu. Wakikuuliza umevipata wapi, waambie."

"Kijivu huna?"

"Ninacho, kipo kwenye droo." Alikata uzi kwa meno. "Rudi na fungu la vitabu, nitabandua nikubandikie kijivu, wala hakuna atakayejua."

Mwenyekiti alisimama kidogo, akaikunja suruali, akaitia mfukoni. Nje dereva mstaafu alikuwa ameshaona, anauliza kwa sauti kama Mwenyekiti amejiunga na timu ya mpira.

Bibi Sindano aliinuka taratibu. Alikwenda kwenye rafu ya chini, kule pembeni kabisa ambako mtu hafiki bila kutambaa, akachomoa kitabu kinene. Alisoma ukurasa mmoja, wote, bila kuruka. Kisha akakiweka mezani, mbele ya mtoto wa dada yake, akarudi kwenye kiti chake.